Maswali ya wasomaji: Mteja anasema "ndiyo, lakini", kaunsela afanyeje?

Safari hii wanaouliza ni makaunsela wenyewe, na kwakweli nimefurahi, maana kazi ya kukaa na mtu anayetaka kuacha kitu na wakati huohuo hataki kukiacha ni ngumu na wengi wanaifanya bila hata mwenzao wa kumuuliza. Barua nimezipunguza kidogo zitoshe ukurasa, maana zake sijazigusa.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni kaunsela, sina muda mrefu kazini. Nina mteja mwanaume, mtu mzima, anakunywa pombe kila siku na anakubali mwenyewe kwamba anakunywa sana. Kila akija namweleza madhara, ini, kazi, familia, nayapanga yote mezani. Anatikisa kichwa ndiyo ndiyo, ila nikimpa wazo tu linakuja "ndiyo, lakini". Nikimwambia abadilishe marafiki anasema ndiyo lakini hao ndo wanaonisaidia nikikwama. Nikimwambia apunguze anasema ndiyo lakini bila pombe silali. Anaondoka, anarudi yuko vilevile. Nimeanza kuona hataki tu. Nimwachie?

JIBU: Marahaba, na tafadhali usimwachie. Mtu asiyetaka kabisa haji, au akija anakaa kimya anasubiri muda uishe. Huyu wako anakuja, anaongea, anakubali, halafu anapinga. Huyo ana mioyo miwili, mmoja unataka kuacha na mwingine unataka kuendelea, na yote miwili inasema kweli. Sasa angalia kinachotokea ukishika upande wa kuacha na kuutetea kwa nguvu zako zote, yeye kabakiwa na upande gani wa kuongelea? Kabakiwa na ule wa kuendelea, basi anautetea, na mtu akijisikia kwa mdomo wake mwenyewe anatetea jambo anazidi kuliamini. Yani unavyomshawishi zaidi ndivyo anavyozidi kupata mazoezi ya kuitetea pombe, na hapo hakuna mwenye nia mbaya, si wewe wala si yeye.

Hili limeshaangaliwa kwa karibu. Mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, mwaka 1982 alikuwa Norway, karibu na Bergen, kwenye kliniki ya watu wenye shida ya pombe, na wanasaikolojia vijana wa pale walikuwa wakimkatiza katikati ya maigizo ya kikao, mbona umeuliza hilo, mbona neno hili umelirudia na lile umeliacha. Katika kuwajibu ndo akaziona kanuni alizokuwa anazifuata bila kuzitamka, akaziandika, makala ikatoka 1983, kisha akaungana na mwanasaikolojia mwenzake, Stephen Rollnick, na kitabu chao cha kwanza kikatoka 1991. Ndo hii tunayoiita mahojiano ya kuhamasisha, yani mazungumzo ambayo mteja mwenyewe ndo anazitoa sababu zake za kubadilika, wewe unamsaidia azisikie. Na utafiti ambao Miller na wenzake walitoa 1993 ulionyesha kwamba kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mteja wake, ndivyo mteja alivyokutwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Mimi hilo ndo huwa nawaambia watu wanaoniambia mteja mkaidi anahitaji kuambiwa ukweli wake.

Tuchukue basi hiyo ya usingizi, maana ni nzuri sana na umeipita mbio. Amesema bila pombe silali. Jibu linalotukimbilia mdomoni ni "lakini pombe ndo inaharibu usingizi", ambayo ni kweli kabisa na haisaidii kitu. Jaribu hivi:

Mteja: Bila pombe silali.
Wewe: Usiku ndo unakutesa, na pombe ndo imekuwa dawa yako.
Mteja: Eeh. Ingawa siku hizi hata nikinywa, saa tisa usiku macho makavu.
Wewe: Kwa hiyo hata kazi hiyo ya kukulaza haiifanyi kama zamani.
Mteja: Haiifanyi. Halafu asubuhi naamka kichwa kinagonga, mwanangu ananiangalia tu, hasemi kitu.
Wewe: Yale macho yake yanakuuma.
Mteja: Yananiuma sana. Sitaki aje anikumbuke hivi.

Umeona nani kasema pombe haimfai? Wewe hujasema hata mara moja. Na hapo aliposema sitaki anikumbuke hivi ndo pa kutulia, usiruke kwenye mpango, usimpe namba ya simu ya kikundi, muulize tu angependa mwanae amkumbuke vipi halafu nyamaza umwachie nafasi. Kazi yako kubwa ni sikio. Unasikiliza natamani, naweza, kwa sababu, lazima nifanye kitu. Maneno hayo ndo dalili kwamba upande wa kubadilika umeanza kuongea, na kila ukiyasikia unayaomba yaendelee, niambie zaidi, ilikuwaje, nini kingine. Baadaye yanabadilika yanakuwa mazito zaidi, nitafanya, niko tayari, juzi nimejaribu siku moja nikaweza. Ukifika hapo ndo mpango una pa kukaa. Makaunsela wengi wanauleta mpango akiwa bado kwenye natamani, ndo mnarudi kwenye ndiyo lakini.

Kuna kitu kingine ningependa ujaribu. Muulize, kutoka 0 mpaka 10, kubadilisha unywaji wako ni muhimu kiasi gani kwako sasa hivi? Tuseme anasema 4. Wengi wetu tunauliza mbona 4 tu, na papo hapo anaanza kukueleza kwa nini haoni umuhimu. Geuza, uliza mbona umesema 4 na siyo 1? Ili akujibu itabidi atafute sababu zake mwenyewe za kubadilika, na atakazozitaja zinaweza zisiwe ini wala kazi ulizompangia mezani.

SWALI: Mshauri, tulifundishwa kumrudishia mteja alichosema ili ajue unamsikiliza. Nimefanya hivyo na mteja mmoja akanikazia macho akasema "si ndo nilichokwambia?" Nilitamani ardhi ipasuke. Sasa hivi nikiwa kwenye kikao naogopa hata kurudia neno. Hivi kweli hii kitu inafanya kazi au ni kasuku tu?

JIBU: Inafanya kazi, ila kwa alichokwambia mteja wako nadhani ulikuwa unarudisha maneno na kuiacha maana. Akisema "nimechoka na haya maisha ya madawa" ukamwambia "umechoka na haya maisha", kweli hapo hujaongeza kitu. Sogea hatua moja mbele, kisia anachotaka kusema sentensi inayofuata: "umefika mahali hata raha yake huioni tena". Ukikosea atakurekebisha, na akikurekebisha anaongea zaidi, kwa hiyo hujapoteza. Wala usiogope mteja akiwa na pande mbili zinazopingana, akisema "sioni tatizo, ila mama yangu analia" unaweza kurudisha zote mbili, "wewe huoni shida kubwa, na machozi ya mama yanakufanya ujiulize". Angalia nimesema na, sijasema lakini, maana lakini ingefuta nusu ya kwanza. Na nimemalizia na yale machozi, kwa sababu mteja mara nyingi huendelea kutoka pale ulipoishia.

Halafu sauti. Kwetu sisi swali na kauli vinaweza kuwa na maneno yaleyale kabisa, "umechoka" na "umechoka?", kinachotofautisha ni sauti inavyoishia. Ukipandisha mwishoni umemuuliza, anaanza kujitetea au anakujibu ndiyo basi. Ukishusha umemwambia nimekuelewa, naye anaendelea. Kaa mwenyewe chumbani uyaseme kwa sauti uone tofauti yake, si jambo dogo.

Lengo ambalo walimu wa fani hii wanapenda kulitaja ni kauli mbili za namna hiyo kwa kila swali moja unalouliza. Ukiuliza maswali matano mfululizo kikao kinageuka kituo cha polisi, na ukianza na "kwa nini" ndo kabisa, kwa nini umerudia kuvuta, hapo mtu anasikia ameshitakiwa.

Na hapa niseme kitu kinachonigusa. Pole. Tunaitoa haraka mno! Mteja anaanza tu kusema jambo linalomuuma tunamwahi na pole sana, naye anajibu asante, imeisha, lile jambo limefungwa. Sisemi usimpe pole, mtu kafiwa utamnyima pole? Ila msikilize kwanza mpaka amwage, pole itakuja.

SWALI: Mteja kaletwa na mke wake. Kakaa, kakunja mikono, kaniambia "mimi sina tatizo, mwenye tatizo ni aliyenileta". Nianzie wapi?

JIBU: Anzia hapohapo alipo. "Umekuja kwa kusukumwa, na hilo linakuudhi." Akisema eeh, mwambie ukweli kwamba hapa hakuna atakayemwamulia, wewe huwezi kumlazimisha abadilike na hata mke wake hawezi, mwenye uamuzi ni yeye. Mtu aliyekuja amejiandaa kupigana akikuta hakuna wa kupigana naye, ile mikono inaanza kufunguka yenyewe. Baada ya hapo unaweza kuuliza, shemeji anaona nini mpaka akasukuma hivi? Na wewe kwa upande wako unaonaje? Usimtetee mke, usimtetee yeye. Na kama kikao cha kwanza kimeishia kwenye yeye kukubali kurudi, kimefanya kazi yake.

SWALI: Mimi ni nesi, si kaunsela kamili. Ninavyoelewa njia hii inakataza kumpa mgonjwa ushauri, kila kitu kitoke kwake. Sasa kama kuna kitu nakijua na yeye hakijui, nimwangalie tu? Mgonjwa wangu mmoja, mnywaji wa muda mrefu, kila siku tena nyingi, kaniambia kesho anaacha ghafla, moja kwa moja. Nikampongeza.

JIBU: Dada yangu, au kaka, hujaandika, nianze na huyo mgonjwa maana hilo haliwezi kusubiri. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla bila uangalizi anaweza kupata matatizo makubwa ndani ya siku chache za mwanzo, kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, degedege, kuona vitu ambavyo havipo, kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Kwa hiyo pongeza nia yake, na leoleo umuunganishe na daktari apime kama anahitaji dawa au kulazwa wakati wa kuacha. Palipo na hatari ya maisha hatukai kusubiri mteja alitaje mwenyewe.

Sasa kwenye hoja yako kubwa, hapana, njia hii haikatazi kutoa taarifa, inachojali ni namna unavyoitoa. Kwanza unauliza, unajua nini kuhusu mwili unavyofanya mtu akiacha pombe ghafla? Unaomba ruhusa, nikuongezee kidogo ninachokijua? Unampa kidogo, lugha nyepesi, si hotuba. Halafu unarudi kwake, wewe hilo umelipokeaje? Hapo taarifa imekaa katikati ya anachokijua na anachokiamua, hajamwagiwa kichwani. Wenye taaluma ya afya tunaipenda sana ile sehemu ya kati, tunazisahau zile mbili za pembeni.

SWALI: Nimehudhuria mafunzo ya siku 2 ya mahojiano ya kuhamasisha, nimepata cheti. Mwanzoni nilikuwa moto, sasa najikuta nahubiri kama zamani. Nirudie mafunzo?

JIBU: Hongera kwa kuliona mwenyewe. Kurudia mafunzo si vibaya ila sidhani ndo unachokikosa. Mwaka 2004 Miller na wenzake walitoa matokeo ya utafiti kwa wataalamu 140 wa tiba ya uraibu, wengine walipewa warsha peke yake, wengine warsha pamoja na mrejesho wa vikao vyao au mtu wa kuwaelekeza. Warsha iliwapandisha watu, ila waliobaki juu vizuri zaidi baada ya miezi kupita ni wale waliofuatiliwa. Kwa hiyo tafuta mwenzako mmoja mliyesoma naye, mkubaliane kusikilizana kazi.

Omba ridhaa ya mteja, kwa maandishi, rekodi kikao, taja wazi nani atasikiliza na lini utaifuta. Halafu sikilizeni dakika 20 tu, zinatosha. Hesabuni maswali yako mangapi, kauli za kurudisha maana ngapi, nani kaongea zaidi kati yako na mteja. Tafuteni ile dakika uliyoanza kuhubiri, simamisheni hapo, mrudi nyuma kidogo msikilize sentensi ya mteja iliyokuja kabla yake tu, maana mara nyingi alikuwa ndo ameanza kusema natamani, ukamkatiza.