Mbegu za bustani ya nyumbani: ninavyozichunguza kabla ya kuziamini

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba umepanda pakiti mbili za pilipili hoho, ya kwanza haikuota hata mbegu moja, ya pili ikatoa miche michache iliyonyong'onyea, na sasa unataka kujua utaitambuaje mbegu ya kuaminika kabla ya kutoa fedha yako. Nimelima bustani ndogo nyuma ya nyumba kwa miaka 11, na nimepata hasara ya kutosha kuweza kukujibu: soma tarehe kwanza, picha iache mwisho.

Mbegu ni kitu hai kinachozeeka, na kila zao lina umri wake. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili, za pilipili hustahimili miaka miwili hadi mitatu, za nyanya takriban minne, na za matango hata mitano, alimradi zimewekwa mahali pakavu na penye ubaridi. Ndiyo maana naitafuta tarehe ya kupimwa uotaji, wala siridhiki na tarehe ya kufungashwa, kwa kuwa mbegu kuukuu inaweza kufungashwa jana. Pakiti yenye jina la aina, namba ya bechi, asilimia ya uotaji na tarehe ya kipimo imeandikwa na mtu aliye tayari kuulizwa. Iliyoandikwa "hoho tamu" pekee naiacha palepale.

Hata hivyo, tarehe nzuri haiokoi mbegu iliyohifadhiwa vibaya. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya makadirio kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopungua ndani ya mbegu huongeza umri wake karibu mara mbili, na kila nyuzi 5 za joto zinazopungua hufanya vivyo hivyo. Ukiigeuza kanuni hiyo utaelewa kinachozipata pakiti zilizotundikwa dirishani zikipigwa na jua la mchana kwa miezi. Niliwahi kununua za namna hiyo, karatasi yake ikiwa imeshapauka upande mmoja, nikajipa moyo kwamba ndani ni salama. Kati ya mbegu 20 ziliota 3.

Tangu hapo sipandi chochote kabla ya kukijaribu. Nachukua mbegu 10, nazipanga juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa hadi kisidondoshe maji, nakikunja, nakitia ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, kisha nakiweka mahali penye joto. Kila jioni nakifunua. Mbegu nzima huvimba kwanza, halafu ncha nyeupe nyembamba kama uzi hutokeza pembeni. Iliyokufa hulainika, na ukiibonyeza kwa ukucha hutoa ute wenye harufu ya uvundo. Zikiota 8 napanda kwa imani, zikiota 5 napanda maradufu, zikiota 2 narudi kwa muuzaji nikiwa na kitambaa mkononi.

Hapa naomba uvumilie swali langu: udongo wa kitalu chako ulikuwa na joto kiasi gani? Mbegu ya hoho hupenda nyuzi kati ya 25 na 30, na kwenye udongo wa nyuzi 15 inaweza kukaa zaidi ya wiki tatu bila kuchomoza, wakati mwenyewe ameshakata tamaa na kuifukua. Huenda ile pakiti ya kwanza unaisingizia.

Kuhusu chotara, yaani mbegu zilizotokana na kuchavusha aina moja kwa nyingine, zenye alama ya F1, sikubaliani na wanaozilaani. Huzaa kwa kulingana, na nyingi zimepewa ukinzani wa magonjwa: kwenye pakiti ya nyanya, herufi F humaanisha ukinzani wa mnyauko fusari, ugonjwa wa kuvu, na N wa minyoo fundo inayoshambulia mizizi. Ila mbegu utakazokamua kutoka kwenye matunda yake hazitarudisha mmea uleule. Ukitaka kujiwekea mbegu, nunua aina isiyo chotara na uanze na nyanya, ambayo kwa kawaida hujichavusha yenyewe.

Jamii ya maboga ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Mwaka mmoja nilipanda zukini kwa mbegu nilizokamua mwenyewe, nikisahau kwamba msimu uliotangulia jirani alikuwa na maboga ya mapambo na nyuki wanaobeba chavua hawajui mipaka ya ua. Tunda lilipendeza kwa macho, lakini kipande cha kwanza kilikuwa kichungu kupindukia, nikakitema. Uchungu ule ni sumu inayoweza kuvuruga tumbo vibaya, na kuupika hakuuondoi. Niling'oa mashina yote.

Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi au kijani aghalabu zimetiwa dawa ya kuvu, basi zisiliwe na zisiachwe karibu na watoto wala kuku. Na anayekuuzia mtandaoni mbegu za stroberi za buluu anakuuzia picha tu.

Mbegu zilizobaki kwenye pakiti zako usizitupe. Weka 10 za kila pakiti kwenye vitambaa viwili tofauti, ziache siku 14 mahali penye joto, kisha urudi utuambie umehesabu ngapi.