Mama aliniuliza jina lake litalala wapi

Mwaka 2018 begi langu liliibwa stendi ya Nane Nane, Mbeya, jioni, nikishuka kwenye Coaster iliyotoka Tukuyu. Ndani mlikuwa na kompyuta, daftari na flashi. Kompyuta nilikuwa bado nadaiwa mkopo wake, lakini usiku ule kilichoninyima usingizi kilikuwa faili moja tu: majina, namba za simu na vitongoji vya watu 41 wa Rungwe waliokuwa kwenye dawa za kifua kikuu, pamoja na safu iliyoonyesha nani kati yao anaishi na virusi vya UKIMWI. Faili halikuwa na neno la siri. Ile flashi niliyokuwa naiita nakala ya akiba ilikuwa kwenye begi hilohilo.

Vibali vya utafiti nilikuwa navyo vyote. Barua ya chuo, cheti cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya wilaya, hadi mhuri wa mtendaji wa kijiji. Na kwenye fomu ya ridhaa niliandika mwenyewe kwamba taarifa zitatunzwa kwa siri. Mama mmoja muuza ndizi, kabla hajaweka dole gumba, aliniuliza, "Mwanangu, na jina langu hili litalala wapi?" Nikamjibu, "Litakuwa salama, mama." Nilimwahidi kitu ambacho sikuwa nimekiandalia mahali.

Leo nasimamia wanafunzi wa uzamili, na bado naona tunakimbizana na mihuri miezi mitatu, minne, halafu suala la wapi majibu ya watu yatakaa tunaliacha lijipange lenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wangu yeyote, kabla hajapanda gari kwenda uwandani, namuuliza swali la yule mama.

Anza kwa kujiuliza kama jina unalihitaji kabisa. Kama hutarudi kwa mtu huyo mara ya pili, usilichukue. Kama utarudi, mpe namba, na dodoso libebe namba hiyo peke yake. Orodha inayounganisha namba na majina iwe kwenye daftari moja, likae penye kufuli, wala lisisafiri kwenye begi moja na kompyuta. Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni la pini: mwanafunzi anaweka namba vizuri kwenye dodoso, kisha anabana fomu ya ridhaa yenye jina na sahihi juu ya dodoso hilohilo ili "zisipotee". Kazi yote ya kuficha jina imekwisha hapo. Fomu za ridhaa ziwe na bahasha yake, na bahasha hiyo ikae mbali na madodoso.

Mnaokusanya kwa simu, programu za kujazia madodoso kama ODK na KoboToolbox zina namna ya kusimba fomu. Ukishaikamilisha, majibu yanajifunga humo kwenye simu, na hafungui mtu asiye na ufunguo. Ufunguo huo tengeneza mapema na uutunze sehemu mbili, kwa sababu ukipotea hata wewe hutayafungua. Jaribu na majibu ya uongo kabla hujatoka ofisini. Na wasaidizi wako uwakataze mapema kutuma picha za madodoso kwenye kundi la WhatsApp. Picha moja inabaki kwenye simu za watu wote wa kundi.

Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni akili unde. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, mwanafunzi aliyehoji watu kwa Kinyakyusa au Kihehe, anayetakiwa kuandika tasnifu kwa Kiingereza, anabandika mahojiano mazima humo ili yatafsiriwe. Namwelewa. Kurasa mia mbili na wiki tatu ni mzigo mzito kwa mtu mmoja. Lakini mahojiano hayo yanakwenda kwenye mitambo iliyo nje ya nchi, na aliyehojiwa hakuambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kufuta jina pekee hakutoshi. Ukiacha "fundi cherehani mwenye ulemavu karibu na zahanati", kijiji kizima kinajua ni nani.

Kama unataka kutumia zana hizo, andika hivyo kwenye itifaki ya utafiti na kwenye fomu ya ridhaa kabla ya kuhoji. Kama umeshahoji, rudi kwenye kamati ya maadili uombe marekebisho, usijiruhusu mwenyewe. Zipo pia programu za kunukuu sauti zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Kwa Kinyakyusa, mimi bado namlipa mtu anayekijua, aliyesaini kutunza siri.

Vyuo vyetu navyo viweke mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika, mtu ambaye mwanafunzi hatamwogopa. Mimi nilikaa siku nne bila kumwambia msimamizi wangu, nikidhani nitafukuzwa. Hakunifukuza. Alinituma polisi nikachukue RB, namba ya taarifa ya wizi, tukaandika barua kwa kamati, kisha akaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia: rudi Rungwe, ukawaambie.

Sikuwa tena na orodha ya majina, kwa hiyo ilibidi niwatafute kwa kukumbuka njia na nyumba. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Wanne sikuwapata kabisa. Yule mama nilimkuta anapanga mikungu barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea kigoda.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Basi sasa jina langu lifute."

Sikuwa na cha kufuta.