Familia ileile, tatizo lilelile

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nina familia 19 mkononi. Moja nimeitembelea kila wiki kwa miezi mitano. Mama anaahidi, nikirudi hakuna kilichobadilika. Siku hizi nabisha hodi moyo ukiwa umeshavunjika. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, anza na faili. Tunadhani utakuta lengo kama hili: "Mama aboreshe malezi." Hilo ni lengo la ofisi, tena halina kikomo, kwa hiyo hata akijitahidi hamtajua limetimia lini. Linganisha na hili: "Watoto wawe wamelala ifikapo saa tatu usiku, siku nne kwa wiki." Hilo linahesabika. Mama mwenyewe ndiye alitaje.

Mwanasaikolojia C. R. Snyder aliligawa tumaini katika mambo matatu: lengo, njia za kulifikia, na imani ya mtu kwamba anaweza kuzifuata. Nia mara nyingi ipo, kinachokosekana ni njia. Kwa kila lengo andikeni njia mbili, maana shangazi aliyeahidi kuwalaza watoto huenda akasafiri.

Ziara ijayo mwambie ajipime amelikaribia lengo kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Akisema 3, usimuulize "mbona si 8?", utamfanya ajitetee. Muulize: "Umewezaje kufika 3, usibaki 1?" Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwasha, na wengi hukiharibu kwa kumpa mama jibu. Atakachotaja, hata kama ni kuzima redio mapema, kiandike kwa maneno yake. Halafu: "Ukifika 4, nitaona nini humu ndani?" Hilo ndilo lengo la wiki.

Ila familia 19 ni nyingi. Katika Homebuilders, mpango wa kusaidia familia nyumbani kwao ulioanza Marekani mwaka 1974, mhudumu hubeba familia mbili tu kwa wakati mmoja, kwa wiki nne hadi sita. Wewe teua tatu au nne zenye hatari kubwa uziendee kila wiki, nyingine uzipangie zamu ndefu zaidi. Mpelekee msimamizi orodha hiyo ikiwa na sababu mbele ya kila jina. Malalamiko matupu hujibiwa "vumilia".

Na ukiona alama za kipigo mwilini mwa mtoto, weka vipimo kando. Toa taarifa siku hiyohiyo, hata kama mama amefika 7.