Kabla hujamnunua poni wa zamani, mwangalie mkia

Mwaka 1986 shangazi yangu alikuja Tanga likizo akitokea Uingereza, na ndani ya begi lake mlikuwa na farasi mdogo wa plastiki, mwili wa waridi na nywele za waridi. Hakuwa wangu, alikuwa wa binti yake. Mimi niliambulia soksi. Lakini ni mimi niliyemsuka twende kilioni yule poni, mkia na manyoya yote ya shingoni, na nadhani ugonjwa huu nilianza kuumwa siku ile.

Leo naishi Northampton, Uingereza, nina miaka hamsini kasoro mmoja, na nina poni sitini na tatu. Mume wangu akiwa na wageni huwaambia ni wa watoto. Watoto wetu wameshahama nyumbani.

Ninaowakusanya ni kizazi cha kwanza cha My Little Pony, wale ambao kampuni ya vichezeo ya Hasbro iliwauza Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka 1992, na huku Ulaya wakaendelea miaka michache zaidi. Wa mwanzo kabisa walikuwa sita: Blossom, Blue Belle, Butterscotch, Cotton Candy, Minty na Snuzzle. Wengi wangu nimewapata Jumapili asubuhi, kwenye viwanja ambako watu hufungua buti za magari na kuuza vitu vya darini kwao. Aliyezoea kupekua mitumba hapotei pale. Fika mapema, na usishangilie ukiona unachokitaka, maana bei hupanda papo hapo.

Poni wangu wa kwanza alikuwa Minty, yule mweupe mwenye nywele za kijani. Nilimpata kwa pauni mbili, mchafu kama aliyefukuliwa. Nilipofika nyumbani nikamtia kwenye beseni la maji ya sabuni, nikamwacha alowe usiku kucha kama sufuria iliyoungua. Asubuhi alikuwa anang'aa, nikajisifu. Baada ya miezi michache doa la rangi ya chungwa likajitokeza chini ya mkia, likawa linapanda mgongoni.

Hakuna aliyeniambia kwamba mkia wa poni hawa haukushonewa. Umepitishwa kwenye tundu, na kwa ndani umebanwa na kipande kidogo cha chuma. Maji yakiingia hayana pa kutokea, chuma kinashika kutu, na kutu inapenya kwenye plastiki na kwenye nywele. Plastiki nyeupe haifichi kitu.

Kwa hiyo nikimwokota poni sokoni, uso wake huwa ninauangalia mwisho. Naanza mkiani: nautenganisha kwa vidole, namulika kwa tochi ya simu pale unapoingilia. Kukiwa na wekundu wa kutu namrudisha, ila awe ni nadra sana. Kisha naangalia kama mwilini kuna madoa ya kahawia yaliyo ndani ya plastiki yenyewe. Wakusanyaji huyaita saratani, na jina limekaa vizuri, kwani ukisugua hayatoki. Halafu namnusa. Harufu ya ukungu haiondoki kirahisi.

Ukishamnunua, mwoshe kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya vyombo, usimzamishe. Ukitaka kumsafisha ndani lazima kichwa kitoke: pasha shingo kwa draya mpaka plastiki ilainike, zungusha taratibu, na pale penye gundi uwe na subira. Kile chuma kitoe ukitupe, mahali pake funga mkanda mwembamba wa plastiki, ule wa kubania nyaya. Mwache akauke siku kadhaa kabla ya kumrudishia kichwa. Wale wenye mwili wa manyoya kama mahameli usiwaguse na maji kabisa, wapige brashi laini tu.

Nywele zao ni nailoni, na hapo sisi tuliokulia vibarazani tunasukana tuna faida. Tumia kitana cha chuma, anzia nchani ukipanda juu, na usivute. Zikiwa zimejikunja, zichane huku ukimimina maji ya moto juu yake, mkia ukining'inia chini ili maji yasirudi tunduni. Mafuta ya nazi achana nayo. Nilijaribu, nikapata poni anayekusanya vumbi kama feni. Wala usifunge nywele kwa raba bendi, inaoza na kuganda humo humo.

Kuhusu kuwapanga, nimekosea mara mbili. Kwanza niliwapanga dirishani kwa rangi, wakapendeza mno, na jua, hata hili la Uingereza lisilo na nguvu, likawala. Butterscotch wangu ana ubavu mmoja wa karameli na mwingine wa chai iliyozidi maziwa. Kisha nikawapanga kwa mwaka uliochapwa chini ya kwato, nikidhani ndio mwaka wa kutoka. Kumbe mwaka ule ni wa hakimiliki ya umbo, na umbo moja lilitumika kwa poni wengi waliotoka miaka tofauti. Umbile la kwato lina faida zaidi: wale sita wa toleo la kwanza wana kwato bapa, waliofuata zimebonyea kwa ndani.

Siku hizi wako kwenye kabati la vioo ukuta usiopigwa na jua, wamesimama bila kugusana, kwa sababu plastiki laini zikikaa zimegandamana miaka mingi huambukizana rangi na unato. Kila mmoja ana mstari wake kwenye daftari: jina, nilikompata, bei, kasoro. Hiyo ya kasoro ndiyo ninayoisoma mara nyingi. Imenizuia kununua Blue Belle wa nne.

Na chini ya kabati kuna boksi la poni wanane wasio na mstari daftarini, waliochorwa kalamu au kukatwa nywele na wenyewe wa zamani. Hao ni wa watoto wa wageni. Wote nimeshawatoa vyuma mkiani, maana najua wataishia bafuni.