Blanketi tatu, pedi hamna: nawajibu maswali ya misaada

Wiki iliyopita niligusia mafuriko basi meseji zikamiminika, nimeokota chache, nyingi zinafanana.

Msomaji wa Kigogo: Maji yakituondoa tukaenda kulala shuleni, siku moja tunaletewa blanketi mara tatu na watu tofauti ila pedi hakuna hata moja. Hawa watu hawaongei?

Wanaongea sana tu, ila baada ya kushusha mzigo. Desemba 2011, yale mafuriko ya Jangwani hapa Dar, mi nilikuwa najitolea kwenye shule moja hapa mjini, kazi yangu kuandika majina kwenye kauntabuku ya kwaya mbili. Mwenyekiti wa mtaa naye ana daftari lake. Afu wakaja jamaa wa shirika moja (silitaji) na vizibao vyao na fomu zao, wakaanza upya kabisa, watu wamepangwa mstari juani, mama mmoja akaniuliza, "mwanangu, jina langu nalo limelowa na maji?" Huyo mama akaandikwa mara tatu akapata blanketi tatu, jirani yake aliyekuwa Muhimbili na mtoto hakuandikwa popote, akalala na khanga.

Sasa kwanini blanketi? Kwa sababu zipo stoo tayari, zinahesabika, na kwenye picha zinatoka vizuri, nani kakwambia kuna mtu anapiga picha anakabidhi pedi. Dawa yake ni ya kishamba kabisa, jedwali moja ambalo kila anayeleta kitu anajaza yeye nani, kaleta nini, kapeleka wapi, KABLA gari halijapakiwa. Anayelishika hilo jedwali na likawa la kweli ndo mratibu, cheo baadaye.

Msomaji wa Ubungo: Nasikia wataalamu wanasema "klasta". Ndo nini, na bosi wao nani?

Tsunami ya Desemba 26, 2004 mashirika yalifika mengi mpaka yanakanyagana, na Darfur huko Sudan kuna mambo hayakuwa na mwenyewe. Ndo mwaka 2005 wakakubaliana kugawana kazi kwa makundi, ndo hizo klasta, yakaja kufika 11, kila moja na kinara wake: afya ni WHO, maji na usafi UNICEF, usafirishaji WFP (lile shirika la chakula), na nyingine hivohivo. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayounganisha yote inaitwa OCHA.

Bosi sasa... hakuna. OCHA haiwezi kumwamuru mtu wa shirika binafsi ageuze lori, inabembeleza tu, mwenye sauti ni anayetoa hela. Na hata wakikaa pamoja wanaweza wakakosea, Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 vikao vilifanyika ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa pale uwanja wa ndege, tena kwa Kiingereza, nchi ya watu wanaoongea Kikrioli na Kifaransa, na getini Mhaiti wa kikundi chake kidogo anapata tabu kuingia. Unaratibu msiba wa watu na wenye msiba wako nje ya uzio!

Msomaji wa Mbagala: Ofisini tumekusanya nguo, yakitokea tena kama ya Hanang' tukodi Fuso tupeleke wenyewe?

Msipeleke kwanza. Pigeni simu. Katesh, hukohuko Hanang', Desemba 2023, tope la mlima lilipoua watu zaidi ya 80, nchi nzima iliguswa na hilo ni jambo zuri, lakini kila lori linalofika bila taarifa linahitaji mtu wa kulishusha, kuchambua, na pa kuweka, na hao watu walitakiwa wawe wanafanya kazi nyingine. Kila wilaya ina kamati ya maafa, mwenyekiti ni DC, ulizeni wanakosa nini wiki hii. Wakisema ndoo, nunueni ndoo. Na jamani, suti ya harusi na viatu vya mguu mmoja acheni hukohuko.

Msomaji wa Temeke: Wakimbizi wa Kigoma nao wako kwenye klasta?

Hapana, wakimbizi kinara ni UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, pamoja na serikali, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kazi ni ileile tu. Mei 2015 Warundi walijaa Kagunga, kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawatoa kwenda Kigoma mjini kwa awamu. Hapo wa meli asipoongea na wa maji na wa dawa, unahamisha ugonjwa tu.

Msomaji wa Tabata: Sisi mtaani bondeni tuanzie wapi?

Kwenye daftari, kabla ya masika. Wewe na mjumbe wenu mpite nyumba kwa nyumba, andikeni nani mzee hawezi kutembea, nani mjamzito, nani anatumia dawa kila siku, wapangaji msiwaruke maana ndo wanasahaulikaga kwenye kila orodha. Namba ya zimamoto ni 114, iandikeni juu kabisa. Msiishie kwenye grupu la WhatsApp, umeme ukikatika simu zinazima, andikeni kwa kalamu, mfunge kwenye nailoni, na kopi moja akae nayo mtu wa kule juu barabarani, sio wewe unayekaa mtoni.