Pawatila iliyolala miaka: usianze na hendeli

Mkuu, umeuliza kama pawatila (trekta dogo la kulimia, la magurudumu mawili) ya marehemu mzee, iliyokaa bandani miaka mingi, inafufulika au iende chuma chakavu. Usiuze kwanza. Injini hizi za dizeli za silinda moja hazifi kirahisi.

Mwaga oili ya zamani na uitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na hapo gharama itapanda. Weka mpya, inua dekompresa (kijiti kinachoachia mgandamizo wa silinda), zungusha hendeli taratibu. Ikigoma, toa nozeli (kinachopuliza dizeli kwenye silinda), mimina dizeli kidogo kwenye silinda, iache ilale hivyo. Ukilazimisha kwa kuunga bomba refu kwenye hendeli utavunja ringi (pete za pistoni).

Kinachosumbua zaidi ni mafuta. Osha tenki, badili filta, kisha legeza nati ya bomba la pampu, mafuta yatoke mpaka mapovu ya hewa yaishe. Wengi hukwama hapa, wananunua pampu mpya kumbe ilikuwa hewa tu. Nozeli mpe fundi wa pampu aipime.

Mikanda nunua mipya. Rangi haiwashi injini, iache.

Ukishusha dekompresa na hendeli bado inazunguka kilaini, anza kukagua valvu na ringi.