Wameongeza vikwazo au wameongeza muda?

Swali limetoka kwa msomaji wetu wa Kigoma. Anasema alikutana na kichwa cha habari "Marekani yaongeza vikwazo Kongo", na chini yake wameandika eti rais wa Marekani "ameongeza hali ya dharura nchini Kongo kwa mwaka mmoja". Anauliza kipi ni sahihi, kuongeza, kurefusha au kuendeleza, na je tuseme hali ya dharura au hali ya hatari? Ana dada yake Bukavu ambaye huwa anamtumia hela, na kichwa kile kilimtia hofu.

Ndugu yangu, pole kwa hofu. Jibu fupi ni kwamba kilichoongezwa hapo ni muda, kwa hiyo andika "yaongeza muda wa vikwazo" au "yarefusha muda", basi. Ila siwezi kuishia hapo maana hii "kuongeza vikwazo" imenikaa kooni siku nyingi na kila ikifika Oktoba inarudi tena.

Ongeza ndiyo inayozaa nyongeza na ongezeko, kwa hiyo ukiambiwa kitu kimeongezwa una haki ya kuuliza nyongeza iko wapi. Mchukue mwenye nyumba wako. Akigonga mlango akasema "nimeongeza kodi", siku hiyohiyo unaanza kuulizia chumba kwingine. Akisema "nimekuongezea muda wa kulipa kodi", unamshukuru na chai unamkaribisha. Kodi ni ileile, chumba kilekile, neno "muda" peke yake ndilo limekutoa kwenye balaa likakuweka kwenye nafuu. Hakuna mpangaji duniani atakayechanganya sentensi hizo mbili, hata kama hajawahi kufungua kitabu cha sarufi, na hakuna mwenye nyumba atakayekubali azichanganye. Sasa iweje mhariri aliyesomea kazi hii alikate neno "muda" kisa nafasi ya kichwa cha habari ni ndogo? Herufi 4 tu hizo jamani!

Tuangalie chenyewe kilichotokea. Tarehe 27 Oktoba 2006 George W. Bush alisaini amri ya rais namba 13413 iliyotangaza dharura kuhusu vita vya Kongo na kufungia mali za watu waliotajwa. Sheria yao ya 1976 inasema dharura ya namna hiyo inakufa yenyewe kila ikitimiza mwaka, isipokuwa rais atoe tangazo ndani ya siku 90 kabla ya tarehe hiyo kwamba inaendelea. Ndiyo maana Bush mwenyewe alifanya hivyo, na Obama, na Trump, na Biden. Tangazo lile haliongezi jina hata moja kwenye orodha, linazuia tu ile ya zamani isife. Hapo Kiswahili kina "kuendeleza" na kina "kurefusha muda", vyote safi kabisa.

Unataka kuona kuongeza kwenyewe? Tarehe 20 Februari 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimeshaingia mikononi mwa waasi wa M23, Marekani ilimuwekea vikwazo waziri wa Rwanda James Kabarebe na msemaji wa waasi hao Lawrence Kanyuka pamoja na kampuni zake 2. Hayo ni majina mapya, nyongeza unaiona kwa macho, hapo andika "yaongeza vikwazo" na mimi nitakupigia makofi. Na Julai 2014 Obama alipobadilisha amri ile ili iweze kuwashika watu wa aina nyingi zaidi, hapo ni "kupanua". Ni mambo matatu tofauti na lugha yetu ina vitenzi vya kutosha, sisi tunakibebesha kimoja mizigo yote afu msomaji wa Kigoma anabaki anajiuliza kama dada yake atapata hela. Kumbe amri ile inawabana watu na kampuni zilizoandikwa majina, siyo kila mtu anayekaa Bukavu.

Halafu hilo "nchini Kongo" nalo linanichefua kuliko hata la kwanza. Dharura ile imetangazwa Washington, ni ya kisheria huko kwao, Kongo ndiyo inayohusika tu. Sema "hali ya dharura kuhusu Kongo". Kongo ina ya kwake: tangu 6 Mei 2021 Rais Tshisekedi aliweka Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa wanajeshi, ndiyo ile Wakongo wenyewe wanaiita kwa Kifaransa état de siège, na bunge lao likawa linairefusha siku 15 kwa 15. Sasa mtu wa Bunia, huko Ituri, akisoma "hali ya dharura nchini Kongo imeongezwa" ataelewa nini? Ataelewa ile inayomzuia yeye kutembea usiku, na atakuwa na haki, mwenye kosa ni aliyeandika.

Kuhusu dharura na hatari sina ugomvi mkubwa. Dharura ni ya Kiarabu, jambo linalokulazimu, na kwa hizi amri za Marekani inafaa zaidi kwa sababu ni chombo cha kisheria tu, mtu wa Chicago anaenda kazini kama kawaida. Hali ya hatari ndiyo iliyo kwenye ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania, kwa hiyo ukiandika habari za Tanzania tumia hiyo. Wanaozichanganya siku hizi wamekuwa wengi na nimeshachoka kuwakimbiza, mradi waniachie "muda" wangu pale kwenye kichwa cha habari.